Sigara moja moja: mkataba wa dunia unakwama kibandani

Jioni moja simama kando ya kibanda chochote karibu na stendi ya matatu, iwe Nairobi, Kisumu au Likoni, uangalie kwa robo saa tu. Utaona pakiti ya sigara imefunguliwa, imekaa baina ya peremende na njugu, nyuma ya wavu. Juu yake kinaning'inia kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba ya nailoni ili kisibebwe. Mteja anaweka sarafu, muuzaji anachomoa sigara moja, mteja anavuta kamba, anawasha, anakwenda zake. Hawajasemezana hata neno.

Mteja huyo hakuiona picha ya onyo. Hakuiona stempu ya ushuru. Hakuulizwa umri. Bei ya pakiti nzima, ambayo serikali huipandisha makusudi ili imfanye afikirie mara mbili, haikumgusa. Kazi yangu ni afya ya umma, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuwaeleza watu mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Zamani nilikuwa nikiueleza kuanzia Geneva, kwenye makao makuu ya Shirika la Afya Duniani. Siku hizi naanzia kwenye kamba ile ya kiberiti, kwa sababu hapo ndipo unapojulikana kama mkataba umefika au haukufika.

Mkataba wenyewe ulipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani tarehe 21 Mei 2003, ukaanza kutumika tarehe 27 Februari 2005. Ndio mkataba wa kwanza kujadiliwa chini ya Shirika la Afya Duniani kwa mamlaka ambayo shirika hilo lilipewa na katiba yake tangu mwanzo lakini lilikuwa halijawahi kuyatumia. Aliyeusukuma kwa nguvu ni Gro Harlem Brundtland, daktari na waziri mkuu wa zamani wa Norway, aliyeliongoza shirika hilo kuanzia 1998 hadi 2003. Leo una wanachama 183. Kenya ilitia saini na kuuridhia siku moja, tarehe 25 Juni 2004, kabla haujapata nguvu ya kisheria. Marekani nayo ilitia saini mwaka huo huo wa 2004, na mpaka sasa haijauridhia.

Kwa nini mataifa yalihitaji mkataba, wakati kila nchi ina bunge lake? Kwa sababu tumbaku haikai ndani ya mpaka. Kampuni ni zile zile kutoka bara hadi bara, tangazo lililokatazwa huku huingia kwa televisheni ya kule, na sigara isiyolipiwa ushuru hupita njia za panya usiku. Nchi moja ikikaza kamba peke yake, mzigo huhamia kwa jirani. Na msiba wenyewe ni mkubwa: tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwamo zaidi ya milioni moja ambao hawakuvuta wenyewe bali waliishi au kufanya kazi na wavutaji. Takriban asilimia 80 ya watumiaji wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta watu wazima milioni 2.5 wanaotumia tumbaku ya aina moja au nyingine, yaani asilimia 11.6: wanaume 19.1 kwa mia, wanawake 4.5.

Nguzo mbili za mkataba huo ndizo zenye nguvu kuliko zote, nazo ni bei na picha. Zote mbili zimejengwa juu ya pakiti.

Tuanze na bei. Ushahidi wa miaka mingi unaonyesha kwamba bei ya sigara ikipanda kwa asilimia 10, matumizi katika nchi kama zetu hushuka kwa karibu asilimia 5, na vijana hupunguza zaidi kwa kuwa mifuko yao ni myepesi. Hakuna dawa wala kampeni ya redio inayoweza kufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo. Kenya imelielewa hilo. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ushuru wa bidhaa ni shilingi 4,100 kwa kila sigara elfu moja, ziwe na kichungi au zisiwe nacho. Awali sigara isiyo na kichungi ilitozwa kidogo, basi ikawa ndiyo sigara ya maskini. Kuweka kiwango kimoja kulikuwa uamuzi mzuri, na nausifu bila kusita.

Sasa piga hesabu ya kibandani. Shilingi 4,100 kwa sigara elfu ni shilingi 4 na senti 10 kwa sigara moja. Tuseme Hazina imeongeza ushuru kwa asilimia 10. Pakiti ya sigara 20 inaongezeka shilingi 8 na senti 20, na mnunuzi wa pakiti anaiona nyongeza hiyo. Lakini sigara moja imeongezeka senti 41, na muuzaji hana namna ya kudai senti 41. Bei ya sigara moja hufuata sarafu zilizoko mfukoni mwa watu. Basi inabaki pale pale kwa miezi, mpaka siku ya kuruka shilingi tano kwa mpigo. Katika miezi hiyo yote kijana hakuusikia ule ushuru, na ni kwa ajili yake hasa ushuru huo uliwekwa.

Picha nazo zina historia yake, na ni historia ya mahakamani. Sheria yetu ya kudhibiti tumbaku ni ya 2007. Kanuni zake za 2014 ndizo zilizoagiza picha za madhara kwenye pakiti, pamoja na mchango wa asilimia 2 ya thamani ya tumbaku inayotengenezwa au kuingizwa nchini, uende kwenye mfuko wa udhibiti. British American Tobacco Kenya ikaenda kortini kuzipinga, ikisema miongoni mwa mengine kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Ilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2016, ikashindwa Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, na tarehe 26 Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake ya mwisho. Uruguay ilipitia mengi zaidi: kampuni ya sigara ya Philip Morris iliishtaki mbele ya baraza la usuluhishi wa uwekezaji kwa sababu serikali ya huko ilitaka onyo lifunike asilimia 80 ya pakiti, na Julai 2016 nchi hiyo ndogo ikashinda. Kampuni hazipotezi miaka na fedha za mawakili kupigana na kitu kisichofanya kazi. Picha zinafanya kazi.

Ila angalia tena pale kibandani. Ni nani anayeziona? Ni muuzaji, anayeshinda nazo kutwa nzima mita moja kutoka machoni pake. Mvutaji hukabidhiwa sigara nyeupe isiyo na neno hata moja. Jioni pakiti inakwisha, inakunjwa, inatupwa, na maonyo yaliyotetewa hadi mahakama ya mwisho yanaishia kwenye takataka bila kusomwa na aliyekusudiwa.

Kanada imelishughulikia jambo hili kwa njia iliyo wazi kabisa. Tangu Agosti 2023 kanuni zake zinataka onyo lichapishwe kwenye kila sigara, katika karatasi ya kichungi, na kazi hiyo ikafanyika kwa awamu. Mojawapo ya maonyo hayo linasema kuna sumu katika kila mvuto. Australia ikafuata mwaka 2025. Wao walikuwa wakifikiria vijana wanaopeana sigara mitaani na kwenye sherehe, lakini sijui mahali ambapo hatua hiyo ingefaa kuliko kwetu, ambako watu wengi hununua moja moja kila siku.

Kila ninapokaa na watu kuzungumzia haya, kuna mmoja huuliza: si afadhali avute moja kuliko kununua pakiti akazimaliza zote? Swali hilo ni la haki, na majibu yake yapo. Mwaka 2018 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchambuzi uliounganisha matokeo ya tafiti 141. Watu hudhani kwamba anayevuta sigara moja kwa siku ana sehemu moja tu kati ya ishirini ya hatari inayomkabili anayevuta ishirini. Kwa ugonjwa wa moyo, walichokikuta ni kwamba sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada. Nusu nzima, kwa sigara moja! Mishipa ya damu haisubiri pakiti iishe. Zaidi ya hapo, sigara moja ndiyo mlango wa mtoto anayeanza, asiyeweza kununua pakiti wala pa kuificha nyumbani, na ndiyo mtego wa mtu mzima aliyeacha wiki tatu zilizopita, anayepita hapo akiwa na sarafu mkononi.

Waliouandika mkataba waliliona hili. Kifungu cha 16 kinazitaka nchi zijitahidi kupiga marufuku uuzaji wa sigara moja moja au pakiti ndogo zinazowarahisishia watoto kununua. Tatizo liko kwenye neno hilo, zijitahidi. Vifungu vingine vinaamuru, hiki kinaomba. Kenya haikungoja kuamriwa: sheria ya 2007 inakataza sigara kuuzwa nje ya pakiti, na inakataza kabisa kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18. Uganda ilifanya vivyo hivyo mwaka 2015 na kupandisha umri hadi miaka 21. Indonesia, ambako uvutaji umeenea sana, iliweka marufuku ya sigara moja moja Julai 2024. Hatukosi sheria, lakini kamba ya kiberiti bado inaning'inia.

Wenzangu wengi husema dawa ni msako. Sikubaliani nao moja kwa moja. Nimekaa na wauzaji, na hesabu yao ni ile ile kila ninapokwenda: faida ya sigara ni ndogo, lakini anayekuja kununua sigara huchukua pia chai, mandazi na kadi ya simu. Ukimwondolea sigara moja moja umemwondolea wateja wa asubuhi. Afisa akija kukamata, pakiti huingia chini ya meza. Akiondoka, hurudi juu.

Na hapa kuna kifungu ambacho hakitajwi sana, cha 17. Kinazitaka nchi ziwasaidie kupata njia nyingine za kuishi wafanyakazi wa tumbaku, wakulima, na inapofaa, wauzaji wadogo. Kwa wakulima tumeonyesha kwamba inawezekana. Katika Kaunti ya Migori, tangu 2022, Shirika la Afya Duniani, lile la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani wameshirikiana na serikali kuwawezesha wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Walipewa mbegu na mafunzo, na lililokuwa kubwa kuliko yote, walipewa soko: Mpango wa Chakula Duniani ukawa mnunuzi. Familia ambazo zilikuwa zikiamka alfajiri kuvuna majani yenye umande, nikotini ikipenya kwenye ngozi hadi mtu anatapika, sasa zinavuna kitu wanachoweza pia kukila.

Muuzaji wa kibandani hajapata maharagwe yake. Hakuna aliyemjia na mtaji mdogo wa kujaza nafasi ya ile pakiti, wala kaunti iliyompunguzia ada ya leseni kwa sababu haweki tumbaku. Ule mchango wa asilimia 2 unaotolewa na kampuni zenyewe una malengo mengi, lakini kama ningeulizwa, sehemu yake ningeipeleka huko: kwa wenye vibanda vilivyo karibu na shule kwanza, kisha kwenye stendi. Msako ungekuja baadaye, ukimkuta mtu aliyekwisha kupewa njia nyingine.

Kwa sasa, ukiona mtoto anauziwa sigara, ugoro au kuberi, mtafute afisa wa afya ya umma wa wadi yako. Hiyo ni kazi yake kisheria. Kama una kibanda na huwezi kuacha sigara mara moja, anza kwa kukiondoa kiberiti na kukataa kumuuzia aliyevaa sare ya shule. Na kama wewe ndiye unayenunua ile moja ya asubuhi, hamu yake hudumu dakika chache tu: tembea, kunywa maji, badilisha njia usipite kibandani kwa wiki mbili za mwanzo. Ikikuzidi, piga 1192, simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haitozwi chochote. Atakayepokea ataanza kukuuliza unavuta ngapi kwa siku. Usione haya kujibu kwamba ni moja.