Kwa nini vibao vya stesheni ya chini ya ardhi hukuzungusha

Wanaopita mara kwa mara King's Cross St Pancras, London, wanajua kwamba vibao vya pale huzungusha watu. Ukishuka laini ya Victoria unaelekezwa kwenye ukumbi wa kaskazini uliofunguliwa mwaka 2009, ilhali kwa wengi njia ya zamani ni fupi zaidi. Kibao hakijakosewa. Anayepanga mtiririko wa abiria haanzi na mita za kutembea. Anaanza na idadi ya watu wanaoweza kupita kwa dakika pale panapobana zaidi.

Viwango vya upangaji vya London Underground, yaani treni za chini ya ardhi za London, vinaonyesha hili vizuri. Korido ya upande mmoja hupangiwa abiria 50 kwa dakika kwa kila mita ya upana. Watu wakipishana, 40. Ngazi za kawaida ni 35, na zikitumika kupanda na kushuka kwa pamoja, 28. Geti moja la tiketi hupitisha 25, ngazi moja ya umeme 100. Upana wenyewe hauhesabiwi wote: unatoa sentimita 30 kila upande, maana watu hawatembei wakisugua ukuta.

Kwa hiyo korido ya mita 3 inabaki na mita 2.4. Upande mmoja inapitisha abiria 120 kwa dakika, pande mbili 96. Ndiyo sababu kwenye mdomo wa korido fupi unakuta alama ya kukataza kuingia. Hata wachache wanaokuja kinyume huvuruga mkondo, kwa kuwa kila mmoja anawalazimisha kadhaa kukwepa, na walio nyuma yao wanapunguza mwendo. Ukipita humo kinyume, mita 60 ulizookoa ni kama sekunde 45 za kutembea. Wenzako ndio wanaozilipa.

Sasa leta treni. Tuseme abiria 400 wanashuka, na jukwaa linahudumiwa na ngazi mbili za umeme za kupanda. Zinapitisha 200 kwa dakika, hivyo jukwaa linaisha watu ndani ya dakika 2. Treni zikifuatana kila dakika 2, mambo yanakwenda, ila bila akiba yoyote. Ngazi moja ikiharibika, treni ya pili inakuta watu 200 bado wapo na inashusha 400 wengine. Treni ya tatu ikimaliza kushusha, wanaotaka kutoka ni 800. Hesabu hii hupanda haraka kuliko wengi wanavyodhani, na ndiyo maana wafanyakazi hufunga mageti ya kuingilia hata ukumbi wa juu ukionekana mtupu. Tatizo haliko pale uliposimama, liko chini.

Ngazi za umeme zenyewe zina fumbo lake. Zikienda mita 0.75 kwa sekunde, na kila kipandio kikiwa na sentimita 40 kutoka mbele hadi nyuma, vipandio 112 hivi hupita kwa dakika. Watu wawili kwa kila kipandio wangefika 225, lakini hali halisi ni karibu nusu ya hapo: watu huacha kipandio kitupu mbele yao, na anayetembea anahitaji nafasi kubwa kuliko aliyesimama. Kwenye ngazi ndefu wachache hukubali kupanda kwa miguu, hivyo upande wa kushoto unakaa wazi huku foleni ikirefuka chini. Mwaka 2015 stesheni ya Holborn, ambayo ngazi zake hupanda mita 24, ilijaribu kuwasimamisha watu pande zote mbili, na waliopita wakaongezeka kwa karibu asilimia 30. Kwenye ngazi fupi, ambako wanaotembea ni wengi, faida hiyo hupungua sana.

Njia za mkato ninazozikubali ni zile zisizokwenda kinyume na mtu yeyote. Ya kwanza ni kuchagua behewa litakalosimama karibu na mahali pa kutokea. Tatizo ni kwamba wenyeji wote wanalijua behewa hilo: linajaa, milango inachelewa kufungwa, na treni ya nyuma inasubiri. Mimi hupendekeza behewa la jirani. Unatembea mita 20 hivi, yaani sekunde 15, na unapanda bila kusukumana.

Ya pili ni kutoingia stesheni kabisa. Kati ya stesheni za Leicester Square na Covent Garden ni kama mita 260 tu kwa reli. Covent Garden inategemea lifti na ngazi za mzunguko zenye vipandio 193, kwa hiyo anayekwenda kwa miguu barabarani mara nyingi anafika mapema, na anaipunguzia stesheni mzigo.

Pa kuwa mkali ni kwenye ngazi za kawaida. Usishuke kinyume na mkondo wa wanaopanda, hata kama umebakiza vipandio vitano. Mwaka 1943 pale Bethnal Green, stesheni iliyokuwa ikitumiwa kama kimbilio la mabomu, watu 173 walikufa kwenye ngazi baada ya mmoja kuanguka karibu na chini huku wengine wakiendelea kuingia. Hakuna bomu lililoanguka pale.

Mwisho wa ngazi za umeme unahitaji tahadhari hiyohiyo. Zikileta watu 100 kwa dakika, ukisimama sekunde 3 kutazama simu, watano wanakufikia mgongoni, na ngazi haziwasubiri. Songa mita 5 mbele, kaa pembeni ukutani, ndipo utafute kibao chako.