Si kabila lililochagua dhehebu

Wengi huku Kisumu na Vihiga huamini kwamba Waluhya walijichagulia Kanisa la Marafiki, yaani Wakweka, na Wajaluo Uanglikana, kwa kuwa hawakutaka kuabudu pamoja. Sivyo. Wamisionari wa Kiprotestanti walipatana wao kwa wao kwamba kila shirika lihudumie eneo lake, ili wasigombanie waumini. Marafiki walianza Kaimosi mwaka 1902, nao Waanglikana wakafungua kituo Maseno mwaka 1906, hivyo dhehebu la mwanakijiji lilitegemea zaidi kituo kilichokuwa jirani kuliko kabila lake. Wakatoliki hawakufungwa na mapatano hayo, ndiyo maana parokia zao zimeenea kwa Waluhya na Wajaluo vilevile. Maseno yenyewe, jambo ambalo wasimuliaji husahau kwa urahisi, iko mpakani mwa jamii hizo mbili, na shule yake ilipokea vijana wa pande zote.

Ibada za lugha ya mama nazo hudhaniwa kuwa ubaguzi. Kwa maoni yangu, nyingi zilianza kwa sababu nyepesi tu: bibi kizee alitaka kuelewa mahubiri. Nakuru, mji uliokusanya wafanyakazi wa reli na mashamba kutoka kila upande, Kiswahili kiliwaunganisha waumini wasiokuwa na lugha nyingine ya pamoja.