Klorini Haimalizi Funza wa Pipa la Taka

"Nimemwaga chupa nzima ya klorini ndani ya pipa, kesho yake funza wapo palepale. Kuna dawa kali zaidi?" Swali hili, kwa maneno haya au yanayofanana nayo, ndilo linaloulizwa kila mara, na kila mara anayeuliza ameshatumia pesa na kuvuta mvuke mkali bila faida. Dawa kali zaidi haihitajiki. Kinachohitajika ni maji ya moto, brashi ya mpini mrefu, jua, na kuhesabu siku.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Funza wanaozungumziwa hapa ni mabuu ya nzi. Funza wanaoingia kwenye vidole vya miguu ni kitu kingine kabisa: ni aina ya kiroboto, anayeishi mchangani. Huwezi kupata funza wa miguuni kwa kugusa pipa lenye mabuu, na mabuu ya pipani hayatoboi ngozi nzima. Vaa glavu kwa sababu ya vijidudu vya uozo, tena ukiwa na kidonda mkononi usithubutu kugusa bila glavu, lakini usiogope kuliwa.

DHANA: Klorini inaua funza, na isipoua ni kwa sababu hukumwaga ya kutosha

Mchukue funza mmoja umweke juu ya karatasi nyeupe, umtazame vizuri. Upande mmoja umechongoka, na ndani yake unaona kitu cheusi kinachoingia na kutoka. Hizo ni ndoano za mdomo. Upande wa pili ni butu, kama uliokatwa kwa kisu, na una vidoti viwili vya kahawia ambavyo karibu kila mtu huviita macho. Si macho, ni matundu ya kupumulia. Funza hula huku kichwa kimezama kwenye uozo na mkia ukiwa juu kutafuta hewa. Ndiyo maana anaishi vizuri katikati ya uji wa taka ambao ungemzamisha mdudu mwingine.

Sasa mmwagie klorini ya baridi. Ngozi yake haipitishi vitu kirahisi. Mwanga na usumbufu humfanya ajichimbie chini, na waliolundikana chini yake wamefunikwa na wenzao pamoja na mabaki ya chakula. Wachache wa juu watakufa, na hao ndio wanaokupa moyo kwamba dawa imefanya kazi.

Klorini yenyewe nayo ina udhaifu ambao chupa haisemi kwa sauti: uchafu huimaliza nguvu. Inapokutana na damu, mafuta na mabaki ya chakula, inaanza kupambana na hivyo kabla haijafika kwa mdudu yeyote. Pipa lenye sentimita mbili za ute chini linaweza kuitumia yote unayomwaga, na kinachofika kwa funza ni maji yenye chumvi na harufu. Kuongeza chupa ya pili ni kurudia kosa lilelile.

Halafu kuna wale ambao klorini haiwagusi kabisa. Pupa, yaani lile gamba la kahawia ambamo funza anageuka kuwa nzi, ni gumu na limefungwa pande zote. Mayai nayo hayakai pale unapomwaga: yako kwenye mikunjo ya mfuko, chini ya ukingo wa pipa na kwenye bawaba za kifuniko. Katika joto mayai ya nzi wa nyumbani huanguliwa ndani ya saa 8 hadi 20. Kwa hiyo unaposema "wamerudi", hakuna aliyekwenda popote. Unaona waliokwepa dawa jana pamoja na walioanguliwa usiku.

Na kuna hatari ambayo haipaswi kuchukuliwa kama jambo dogo. Klorini ikichanganywa na siki au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Ikichanganywa na amonia hutoa kloramini, ambayo nayo ni gesi ya sumu, na mkojo uliooza kwenye nepi za mtoto una amonia. Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa, hivyo inatulia ndani ya pipa, mahali unapoinamisha uso ili kusugua. Pipa lenye nepi au lililomwagiwa siki halimwagiwi klorini mpaka limeoshwa na kusuuzwa kabisa.

Kinachofanya kazi ni hiki. Toa mfuko wa taka, ufunge, uweke ndani ya mfuko mwingine na uufunge huo pia. Chemsha maji: lita 4 hadi 6 kwa pipa la hadi lita 50, lita 10 au zaidi kwa pipa kubwa la magurudumu. Usiyamwage katikati kwa mkupuo. Anzia juu kwenye ukingo, zunguka polepole, maji yateremke kwenye kuta, kisha malizia chini. Joto linalozidi nyuzi 60 linaua funza papo hapo na mayai pia, lakini maji hupoa haraka yakikuta taka nyingi. Hii ndiyo sababu ya pipa kuondolewa taka kwanza, na ndiyo sababu wengi husema "maji ya moto nilijaribu yakashindwa". Waliyamwaga juu ya pipa lililojaa nusu.

Pipa nene la plastiki linahimili maji yaliyotoka kuchemka. Ndoo nyembamba hupinda, na ikipinda kifuniko hakikai tena, nawe umejitengenezea tatizo jipya. Kwa ndoo ya namna hiyo acha maji yatulie kama dakika 5 kwanza. Funika pipa dakika 15. Kifuniko chenyewe kigeuze ukimwagie upande wa ndani, hasa kwenye mfereji wa ukingoni. Mayai hukaa hapo kwa makundi, meupe, membamba, urefu wa milimita moja na kidogo.

Maji machafu yamwage chooni au kwenye shimo la udongo, si kwenye sinki la jikoni wala mtaro wa maji ya mvua. Kisha weka vijiko vikubwa 2 vya sabuni ya vyombo kwenye lita 5 za maji ya moto, sugua kuta, pembe za chini na bawaba. Sabuni ni muhimu kuliko klorini kwa sababu inaondoa utando wa mafuta, na harufu ya utando huo ndiyo inayomwita nzi. Suuza. Kama bado unaitaka klorini, sasa ndiyo zamu yake, kwa ajili ya bakteria: kijiko kikubwa kimoja na nusu cha klorini ya asilimia 5 kwenye lita moja ya maji baridi, dakika 10, kisha suuza.

Baada ya hapo ukaushe, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri inapoharibika. Lipindue pipa likiegemea jiwe ili hewa ipite chini, liache juani mpaka sakafu yake iwe kavu kwa kugusa. Funza wachanga hupanda ukuta kwa msaada wa utando wa maji. Kwenye ukuta mkavu wengi huteleza. Pipa lililorudishiwa mfuko likiwa na maji chini ni pipa lisilosafishwa.

Mwisho inua kila kitu kilichokuwa chini na kando ya pipa. Funza akishiba huacha chakula, hasa usiku, akatambaa kutafuta mahali pakavu na penye giza ili awe pupa. Hao ndio unaowakuta sakafuni asubuhi. Watafute chini ya pipa, chini ya mkeka, kwenye nyufa za ukuta: magamba ya kahawia yenye umbo la punje ya ngano. Yafagie uyamwagie maji yanayochemka. Ukiyaacha, katika joto baada ya siku 4 au 5 una nzi wapya ndani ya nyumba, na utalilaumu pipa ambalo ni safi.

DHANA: Uchafu unazaa funza wenyewe

Jambo hili lilimalizwa mwaka 1668. Daktari wa Italia, Francesco Redi, aliweka nyama kwenye vyombo vilivyo wazi, vilivyozibwa kabisa, na vilivyofunikwa kitambaa chepesi. Funza walitokea kwenye vilivyo wazi tu. Kwenye vile vya kitambaa, nzi walitua juu ya kitambaa na kutaga hapo.

Umuhimu wake jikoni ni huu: kama kila funza ametoka kwenye yai, basi jiulize yai lilitagwa wapi. Mara nyingi halikutagwa pipani. Lilitagwa kwenye sahani yenye mabaki iliyokaa mezani mchana, kwenye matumbo ya samaki yaliyosubiri kwenye beseni, kwenye bakuli la chakula cha paka. Nzi wa nyumbani hutaga mayai 75 hadi 150 kwa mkupuo mmoja, na dakika chache zinamtosha. Wewe mwenyewe ndiye uliyeyabeba mayai ukayatia pipani na kufunika.

DHANA: Kifuniko kikibana, nzi hawezi kitu

Kifuniko kizuri ni lazima, lakini hakitoshi kwa sababu hiyo tuliyoitaja, na kwa nyingine mbili. Nzi wa kijani huacha mayai penye mwanya unaotoa harufu, na funza aliyeanguliwa, ambaye hafiki milimita mbili, huingia mwenyewe. Na nzi wa nyama hatagi mayai kabisa: huzaa funza walio hai. Angalia pia tundu la chini la kutolea maji na nyufa. Pipa lililojazwa mpaka kifuniko kinapanda halina kifuniko.

DHANA: Taka zikitolewa mara moja kwa wiki inatosha

Inategemea joto, na watu hawaangalii joto. Kwenye nyuzi 12 hadi 17 funza huchukua siku 14 hadi 30 kukomaa, hivyo wiki moja inakuacha salama. Kwenye nyuzi 30 na zaidi, siku 4 au 5 zinaweza kumtosha, na mzunguko wote kutoka yai hadi nzi unaweza kuisha kwa siku 7 hadi 10. Msimu wa joto toa taka mara mbili kwa wiki. Ukizitoa kabla ya siku ya nne, funza wanaondoka na mfuko wakiwa bado wanakula. Ukichelewa, wanateremka wenyewe na kubaki nyumbani kwako.

Kama gari la taka linapita mara moja tu kwa wiki, tumia friza. Huu ni ushauri ambao watu huusikia kwa kukunja uso, na ndio bora kuliko yote. Mifupa, ngozi ya kuku, matumbo ya samaki na maganda ya kamba vitie kwenye mfuko, funga, gandisha, toa asubuhi ya siku ya gari. Havinuki, havimwiti nzi, na mayai yaliyokuwepo hufa kwa baridi. Nyama hiyohiyo ilikuwa kwenye friza hiyohiyo wiki iliyopita, hivyo kinyaa hakina msingi. Asiye na friza achuje maji yote, afunge mabaki kwa tabaka mbili za gazeti kavu, kisha ayatie mfukoni na kukaza fundo. Gazeti linanyonya unyevu, na bila unyevu mayai hukauka. Chini ya mfuko, ndani ya pipa, tandika gazeti jingine au nyunyiza majivu yaliyopoa kabisa.

DHANA: Chumvi, siki, pilipili, mafuta ya taa

Chumvi hukausha funza ikiwa nyingi na pakiwa pakavu. Konzi moja kwenye uji wa taka inayeyuka tu. Siki inawavuta nzi wadogo wa matunda, hivyo unabadilisha mdudu mmoja kwa mwingine. Pilipili inakuwasha wewe. Mafuta ya taa na petroli usiyatumie kabisa, hata kidogo: mvuke wake ndani ya pipa lililofunikwa unasubiri cheche tu, na mabaki yake yanaingia ardhini na kwenye maji.

DHANA: Dawa ya kupuliza ya nzi itafanya kazi hiyo

Imetengenezwa kwa mdudu anayeruka. Funza aliyezama kwenye taka haipati. Puliza ukiwa na nzi wazima ndani ya chumba, lakini usitegemee imalize kilichomo pipani.

DHANA: Wape kuku, ni chakula kizuri

Funza wa kufugwa kwa utaratibu, ndiyo. Wa pipani wenye mabaki ya nyama iliyooza, hapana. Wanaweza kubeba sumu ya botulini ambayo wao haiwadhuru, lakini kuku hulegea shingo, hupooza na kufa.

DHANA: Kila buu linalotambaa kwenye taka lazima liuawe

Kwenye lundo la mboji huenda ukakuta mabuu makubwa ya kahawia, bapa, yenye pingili zilizo wazi na ngozi ngumu. Hao ni wa nzi askari mweusi. Nzi wao mzima hali chakula chako wala hatui mezani, na mabuu yake yakishika lundo, nzi wa nyumbani hupata shida kuzaliana humo. Waache wafanye kazi. Wakianza kutoka kwa wingi, lundo limelowa mno: changanya majani makavu au maranda mpaka ukikamua konzi ya mboji yasitoke maji.