Kukata mguu si kukatwa mguu: misemo ya miguu inayoeleweka vibaya

Mtu wa Ujiji akikwambia, "Siku hizi shangazi kakata mguu kwetu," usikimbilie kuuliza amelazwa wapi. Shangazi ni mzima na miguu yake anayo. Ameacha kuja, basi. Sikiliza kitenzi: aliyekatwa mguu amepita mikononi mwa daktari, aliyekata mguu ameamua mwenyewe, na mara nyingi kuna neno aliloambiwa likamchoma. Ndiyo maana wakubwa wakisikia hivyo huuliza, "Kwani mmemfanya nini?"

Msemo unaoonewa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kiguu na njia. Wengi huuchukulia kuwa tusi, hasa ukielekezwa kwa mwanamke: hatulii, mzururaji, ana lake jambo. Wengine, kwa kuwa kiguu peke yake huweza kuwa mguu wenye kilema, hudhani anasemwa mlemavu. Kumbe anasemwa mtu asiyekaa mahali pamoja, leo yuko huku, kesho kule. Ukali unatiwa na msemaji.

Na katika ukanda huu wa Kigoma na Tabora kutembea hakujawahi kuwa aibu. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ilisafiri vichwani na mabegani mwa watu katika njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000 kwa mguu. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliovuma kwa kazi hiyo, na kijana aliyefika pwani akarudi salama alipata heshima ya mwanaume kamili. Leo mama anayechukua dagaa mwaloni Kibirizi, akapanda treni na viroba vyake hadi Tabora, akauza, akageuza, naye ni kiguu na njia. Ada za shule za watoto zinatoka kwenye njia hiyohiyo. Kumgeuzia msemo huo kuwa tuhuma ni kumdhulumu.

Mguu mbaya ni jambo jingine. Hapo maana haimpotezi mtu: ni yule anayeaminiwa kuleta mkosi kila anapoingia. Kosa ni kuugeuza msemo kuwa ushahidi. Bibi harusi anaingia nyumbani, wiki ileile ng'ombe anakufa, minong'ono inaanza jikoni: "Huyu kaja na mguu mbaya." Hata mtoto mchanga hasalimiki, akizaliwa siku duka la baba yake lilipoibiwa atabebeshwa hilo mpaka ukubwani. Ng'ombe aliyekufa kwa ndigana kali aliambukizwa na kupe kabla bibi harusi hajafunga begi lake, na kinga yake ni josho. Mgeni akisifiwa kuwa ana mguu mzuri kwa sababu amefika na mvua, hiyo ni salamu njema, haimuumizi mtu. Lakini mguu mbaya umeshavunja ndoa za watu, na anayeutamka kwa mzaha ajue hivyo.

Miguu niponye si dua ya mgonjwa wa miguu. Aliyetoka "miguu niponye" ametimua mbio kuokoa roho yake. Nayo mguu pande, mguu sawa, ambayo wengine huidhani mchezo wa watoto wa shule, ni amri za gwaride: kwenye pande unatanua miguu, kwenye sawa unaunganisha visigino. Vijana waliopita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Msange kule Tabora au Bulombora huku Kigoma wanazifahamu barabara.

Mguu wa bia nao hauhusiani na ulevi. Vijana wanasifia umbo la chupa: tafu lililojaa, likipungua kuelekea kwenye kifundo. Kwa anayesema ni sifa. Dada anayerushiwa maneno hayo barabarani na mtu asiyemjua ana haki ya kuona amekosewa adabu.

La mwisho lina hatari yake. Miguu ya kuku, kwa wingi, ni kitoweo. Mguu wa kuku, mmoja, mitaani ni bastola. Ukisikia mtu akinong'ona kwamba fulani "ana mguu wa kuku kiunoni", hazungumzii chakula. Ondoka hapo taratibu, na ukifika mahali salama toa taarifa polisi.