Je, wajua kwa nini samaki wengi wanaovuliwa kwa baruti huzama badala ya kuelea?

Nililelewa Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, na hadithi ya baruti niliisikia kabla sijajua kuogelea. Mtu anawasha utambi, anarusha, maji yanaruka juu, kisha samaki wanajaa juu ya bahari matumbo yakitazama mbinguni, na kazi iliyobaki ni kuokota tu. Niliiamini mpaka nikawa mtu mzima. Niliamini pia kwamba kinachowaua ni moto, au vipande vya chupa iliyobeba baruti yenyewe. Yote mawili si kweli.

Nianze na hili la kuelea, kwa sababu ndilo lenye madhara. Samaki wengi wanaouawa na mlipuko huenda chini. Ndiyo maana watu wa baruti hawaendi na neti peke yake, huenda na wapiga mbizi. Kwenye mita 5 au 10 mtu mwenye pumzi nzuri anafika na kurudi na samaki mkononi. Kwenye mita 25, tena mkondo ukiwa mkali, wengi hawafikiwi. Wanabaki kwenye mchanga na katikati ya matumbawe wakioza, wala hakuna aliyewahesabu.

Sasa fikiria mtu aliyekua na hadithi kama yangu. Akiona ngalawa imerudi na tenga tatu, anajua samaki waliokufa ni wa tenga tatu. Kwa hesabu hiyo baruti inaonekana njia ya kuvua kama nyingine, ya haraka zaidi tu. Hata wazee waliokuwa wakiikemea barazani niliwasikia wakisema ubaya wake ni kwamba inaua vidogo na vikubwa pamoja. Ni kweli, lakini hilo la waliobaki chini sikulisikia likisemwa. Na hadithi haikutungwa kwa nia ya kudanganya. Wapo wanaoelea, hasa waliozimia tu au ambao miili yao haikupasuka ndani. Mtu aliyesimama ufukweni anawaona hao peke yao, naye anasimulia alichokiona. Uwiano wa wanaoelea na wanaozama haufanani kila mahali: kina, aina ya samaki, na umbali kutoka kwenye mlipuko vyote vinaubadilisha. Kwa hiyo ukimsikia mtu anakutajia asilimia moja ya bahari nzima, muulize ameipimia wapi.

Kwa nini wazame? Jibu liko kwenye kifuko chembamba cha hewa ambacho samaki wengi wenye mifupa wanacho tumboni, chini kidogo ya uti wa mgongo. Nyama ya samaki ni nzito kidogo kuliko maji. Hewa ile ndiyo inayomsawazisha, ili asimame kwenye kina anachotaka bila kuchoka kupiga mapezi.

Chukua sirinji isiyo na sindano, ijaze maji, ziba mdomo wake kwa kidole gumba, kisha sukuma. Haisogei. Imwage, ivute hewa, ziba tena, sukuma. Sasa inaingia hadi nusu, na ukiachia inaruka kurudi. Mshindo wa baruti ukipita baharini unakuta samaki mwenye sehemu za aina zote mbili. Nyama yake imejaa maji, kwa hiyo mshindo unapita humo karibu kama unavyopita kwenye bahari yenyewe. Ukifika kwenye hewa, mambo yanabadilika.

Hili nililielewa vizuri ndani ya daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Dereva anafunga breki. Mliobanana katikati mnasukumana bega kwa bega, lakini hakuna anayeanguka, maana kila mtu ameshikiliwa na mwenzake. Anayeruka ni yule wa mwisho, aliyesimama jirani na nafasi tupu pale mlangoni. Ukuta wa kile kifuko ndiye mtu wa mlangoni. Nyuma yake nyama imebanana, mbele yake hewa tupu. Mshindo unamtupa ndani. Kisha, kwa kuwa mshindo uliofika juu ya maji hurudi chini ukiwa mvuto badala ya msukumo, ukuta uleule unavutwa nje kwa nguvu. Kubanwa na kuvutwa huko kunatokea ndani ya muda mfupi kuliko kukonyeza jicho. Kifuko kinachanika, hewa inatoka, na samaki aliyekuwa amesawazishwa anabaki na uzito wake mtupu. Anazama.

Na moto je? Bahari inaumeza hapohapo karibu na chupa. Mshindo ndio unaosafiri.

Nilikwenda soko la samaki la Feri kuangalia kwa macho. Kijana mmoja anayepara samaki alinionyesha changu wawili kwenye meza yake, wote magamba yakiwaka, macho yamejaa, hakuna jeraha nje. Aliwapasua. Wa kwanza alikuwa na kifuko cheupe, kimevimba, kama puto dogo lililolowana. Wa pili kifuko chake kilikuwa kimebaki ngozi iliyosinyaa, na tumbo limejaa damu iliyoganda. Alimkunja kidogo na uti wa mgongo ukatoa sauti. "Huyu ukimtia mafuta anavunjika vipande," alisema, "mama lishe wote wanamkataa."

Lakini tuwe waangalifu na dalili hizi. Ule mstari wa wekundu mzito chini ya uti wa mgongo upo kwa kila samaki. Ni figo, usimhukumu mvuvi kwa huo. Nyama kulegea kunaweza kuwa barafu iliyokosekana tangu alfajiri. Na samaki aliyetoka na mfuko wake wa chakula umetokeza mdomoni mara nyingi ni wa mshipi, kavutwa haraka kutoka kina kirefu na hewa yake ikavimba njiani. Kifuko kilichochanika pamoja na damu tumboni, katika samaki ambaye ngozi yake ni nzima, ndicho kinachotia shaka kwa haki.

Sifa hiyohiyo ya maji, ya kupitisha mshindo vizuri, ndiyo iliyowasaliti wapiga baruti. Sauti majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya ilivyo hewani, na inafika mbali. Machi na Aprili 2015 watafiti waliokuwa wakitafuta pomboo na nyangumi walipita pwani yote ya Tanzania wakiburuta maikrofoni za majini nyuma ya chombo. Walirekodi saa 231 katika njia ya kilomita 2,692, wakathibitisha milipuko 318. Karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, na huku kwetu kasi yake ilifikia karibu milipuko 10 kwa saa. Niliposoma takwimu hizo nilikaa kimya. Miaka yote hiyo tulibishana kama tatizo ni kubwa au ni maneno ya watu, na ubishi haukuwa na ushahidi wa kuumaliza. Baadaye msako wa vyombo vya dola ulikaza, na milipuko ikapungua sana.

Matumbawe hayakuweza kukimbia wala kujificha. Yaliyopigwa yamebaki kifusi, na kifusi kinachobingirika na mawimbi hakimpi mtoto wa tumbawe mahali pa kushika. Matumbawe ya matawi yanaweza kurefuka sentimita 10 hivi kwa mwaka, lakini yale makubwa ya mviringo huongezeka sentimita moja au chini ya hapo. Hesabu mwenyewe bonge la ukubwa wa meza limechukua umri wa watu wangapi.

Nilirudi Feri wiki iliyofuata kumsimulia yule kijana habari ya sirinji na mtu wa mlangoni. Alisikiliza bila kuacha kupara, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Na taa je? Mbona taa wa baruti sijawahi kumpasua?"

Taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, hana kifuko cha hewa, na papa vilevile. Akiwa karibu sana na mlipuko atakufa, lakini kwa umbali unaomchana changu, yeye ana nafasi nzuri zaidi ya kwenda zake. Kwenye ndoo pembeni palikuwa na taa mdogo. Akamlaza chali, akapitisha kisu, akapapasa ndani kwa vidole viwili kutoka kichwani mpaka mkiani. Hakukuta hewa popote. Alitoa ini, limejaa kiganja kizima, linateleza kwa mafuta, akaniwekea mkononi.