Kilichoharibika Si Chakula cha Mbwa

Malalamiko kuhusu mbwa waliougua baada ya kula yamekuwa yakiongezeka mezani petu, na mengi huanza namna moja: chakula ambacho mwenye nyumba hakuthubutu kukila mwenyewe kilimiminwa kwenye bakuli la mbwa, kwa imani kwamba tumbo la mbwa husaga kila kitu. Imani hiyo si sahihi, na tunalazimika kuirudia. Chakula kilichoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo hushambulia ini la mbwa na haiondoki kwa kuchemshwa. Mwishoni mwa mwaka 2020, makumi ya mbwa waliripotiwa kufa nchini Marekani kutokana na chakula cha kiwandani chenye sumu hiyo, kwa hiyo kukwangua ukungu wa juu na kuandaa kilichobaki si tahadhari ya aina yoyote.

Nyama mbichi ni suala jingine. Mbwa anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili, akawasambaza kwa kinyesi na mate katika nyumba yenye mtoto anayetambaa. Kugandisha nyama hakuwamalizi. Ipikwe hadi joto la ndani lifike nyuzi 70 za Selsiasi.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni mapafu na maini yenye vifuko vya maji. Mkaguzi wa nyama anapoyakataa, viungo hivyo hutengwa, hutiwa alama, kisha huchomwa au huzikwa kwenye shimo ambalo mbwa hawezi kulifukua. Anayeviuza, na hata anayevigawa bure kwa ajili ya mbwa, anaweza kutozwa faini, na mwenye machinjio anaweza kufungiwa leseni, kwa kadiri sheria za mahali husika zinavyoelekeza. Ukali huo una sababu: ndani ya vifuko mna vichanga vya minyoo tegu, na wiki sita hivi baada ya kuvila, mbwa huanza kutoa mayai ambayo mtu akiyameza huota vifuko kama hivyo kwenye ini lake, pengine kwa miaka mingi bila yeye kujua.

Bakuli lenyewe husahaulika. Pitisha kidole ndani ya bakuli linaloonekana safi. Ukihisi utelezi, huo ni utando wa bakteria, na kulisuuza kwa maji matupu hakuuondoi. Lioshwe kila siku kwa sabuni na maji ya moto, kwa sponji isiyogusa vyombo vya familia, kisha likaushwe. Chakula chenye majimaji kilichokaa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida kitupwe.

Chakula kikavu kibaki katika mfuko wake wa asili, hata ukiuweka ndani ya ndoo yenye kifuniko. Wengi humimina chakula kwenye ndoo, hutupa mfuko, kisha hututaka tuchukue hatua. Hatua ipi, dhidi ya mzigo upi? Mlalamikaji alete mfuko unaoonyesha namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi, risiti, sampuli ya chakula kilichobaki ikiwa imefungwa vizuri, pamoja na maelezo ya daktari wa mifugo. Picha ya mbwa aliyelala, hata ikihuzunisha namna gani, haitoshi kuzuia bidhaa sokoni. Mbwa anayetapika au mwenye macho ya manjano apelekwe kwanza kwa daktari. Malalamiko yanaweza kusubiri hadi kesho yake.