Jeu ya ndani ya injini: ni nini, na inapimwaje?

Gerejini Goma, fundi akisema injini "iko na jeu", mara nyingi anamaanisha imechoka. Lakini injini isiyo na jeu hata kidogo haizunguki. Jeu ni nafasi iliyoachwa makusudi kati ya vyuma viwili, ili mafuta yapite katikati na chuma kikipata moto kiwe na pa kutanukia. Kati ya vilebrequin (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kusine zake (vipande vya chuma laini ambamo mhimili huo unazungukia), kwa injini nyingi za magari madogo, nafasi hiyo ni kama milimita 0.02 hadi 0.05.

Haipimwi kwa kutikisa biele, yaani mkono unaounganisha pistoni na vilebrequin. Mkono hautofautishi 0.04 na 0.08, ila mafuta yanatofautisha: nafasi ikiongezeka mara mbili, mafuta yanayotoroka pembeni huongezeka karibu mara nane. Injini ikiwa ya moto na inazunguka polepole, taa ya presha ya mafuta inawaka. Baadaye kugonga kunaanza. Nafasi ikibana kupita kiasi, mafuta hayapati pa kukaa, kusine inashika na kuanza kuzunguka pamoja na chuma.

Kifaa cha bei nafuu ni uzi laini wa plastiki uitwao Plastigage. Pangusa kusine na vilebrequin vikauke kabisa, maana mafuta huuyeyusha. Laza kipande kufuata urefu wa vilebrequin, mbali na tundu la mafuta. Rudisha kifuniko cha kusine, kaza kwa ufunguo wa kupimia nguvu hadi namba ya kitabu cha injini hiyo hiyo, na usizungushe chochote. Ukizungusha, uzi unapakaa na kipimo kimeharibika. Fungua, linganisha upana wa uzi na mistari iliyochapwa kwenye karatasi yake. Uzi uliotandaa zaidi ni nafasi ndogo zaidi. Wanafunzi wengi hugeuza hapa. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, chuma kimelika vibaya na kusine mpya haitaponya kitu.

Boksi la kusine likiandikwa 0.25, maana yake vilebrequin ichongwe ipungue milimita 0.25 kwenye kipenyo. Hata hivyo pima. Maandishi ya boksi si kipimo.

Segmenti, yaani pete zinazozunguka pistoni, nazo zina jeu yao, pale ncha mbili zinapokaribiana. Sukuma segmenti ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pitisha vibati vya kupimia. Kwa injini ya kawaida isiyo na turbo, milimita 0.3 hadi 0.4 kwa kila milimita 100 za kipenyo ni kadirio zuri, ila kitabu ndicho kinachoamua. Silinda iliyolika ipimwe chini, ambako haijapanuka: ncha zikigusana huko kwenye joto, segmenti inakwaruza ukuta au inavunjika.

Sasa hapa kwetu kuna vumbi la mawe ya volkano, gumu na kali. Chembe moja ya 0.03 chini ya kusine inakula jeu karibu yote, basi funika sehemu zilizo wazi na uoshe mikono kabla ya kupima. Joto nalo linadanganya. Pistoni ya aluminiamu ya milimita 90 iliyoachwa juani, ikazidi joto la silinda kwa digrii 20, inatanuka karibu 0.04. Hiyo inaweza kula sehemu kubwa ya jeu ya pistoni na silinda. Viache vyote kivulini pamoja na palmer yako (kifaa cha kupimia unene), saa kadhaa, ndipo upime.